"Yameisha, usiyafukue": huruma inayolisha PTSD

Mtu akinusurika ajali mbaya, au kubakwa, au vita, ushauri wa kwanza anaopewa na wanaompenda ni ule ule, yameisha hayo, shukuru Mungu uko hai, usiyafukue. Siwabezi wanaosema hivyo manake kuna sehemu wako sahihi kabisa. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 70 ya watu watapitia tukio la aina hiyo maishani mwao, ila wanaoishia kupata PTSD, yaani ule ugonjwa wa akili ambapo tukio la kutisha linaendelea kumtesa mtu muda mrefu baada ya kupita, ni kama asilimia 5.6 tu ya hao. Yaani wengi wanakosa usingizi wiki mbili tatu, wanashtuka ovyo, halafu mwili unatulia wenyewe, ndo maana wataalamu hawasemi mtu ana PTSD kabla mwezi haujapita. Tena kulikuwa na mtindo wa kuwakalisha manusura siku chache tu baada ya tukio wasimulie kila kitu kwa kikao kimoja, tafiti zikaja kuonyesha haizuii PTSD na wengine iliwazidishia tabu. Hapo "mwache apumzike" ilishinda, tukubali.

Lakini hiyo 5.6 inanikera jinsi inavyotumika. Mtu anaisoma anasema unaona, muda unaponya. Sawa, na hata kati ya wenye PTSD yenyewe hadi asilimia 40 wanapona ndani ya mwaka, sasa hao wengine je? Mtu ana miaka mitatu analala taa inawaka, ukimgusa bega kwa nyuma anaruka, huyo muda alishapewa. Bado unamwambia asubiri nini?

Angalia inavyokwenda. Dereva aligongwa kwenye makutano, rafiki yake akafia kwenye kiti cha pembeni. Wiki ya kwanza anazunguka njia nyingine, moyo unatulia, ubongo unajifunza kwamba nimepona kwa sababu nimekwepa. Mwezi unaofuata hapiti barabara kubwa yoyote, baadae haendeshi kabisa, baadae hata mafuta ya gari yakinukia anatoka jasho. Kila akikwepa anapata nafuu ya dakika kumi na ugonjwa unapata chakula cha wiki nzima. Na usiku ndoto inayafukua yale yale bila kumuomba ruhusa mtu.

Kwa hiyo tiba zinazofanya kazi vizuri zinakwenda kinyume na huruma yetu. Ile aliyoitengeneza mwanasaikolojia Edna Foa inachukua kama vikao 8 hadi 15, kila kimoja dakika 90 hivi, mtu anafumba macho anasimulia tukio kama linatokea sasa hivi, sauti inarekodiwa, akifika nyumbani anaisikiliza tena. Ukisikia hivyo unaona ni ukatili. Ila huyo dereva mara ya kwanza atasema "nilimwacha". Mara ya tano, akienda polepole, anafika pale mkono wake ulipovuta kitasa cha mlango na mlango umebonyea, haufunguki. Miaka yote hiyo alikuwa na hukumu tu, kisa chenyewe hakuwahi kukifikia mpaka mwisho, na asingekifikia kwa kukikimbia.

Ni kweli inauma, na wapo wanaokatisha njiani, siwezi kuwalaumu. Wengine inawafaa zaidi EMDR, ile ya kukumbuka huku macho yanafuata mkono wa mtaalamu, wengine dawa kama setralini zinawapunguzia. Aliye bado ndani ya hatari, mfano anaishi na huyo huyo anayempiga, kitu cha kwanza ni usalama wake. Na hii si kazi ya kufanywa na yeyote tu aliyeguswa na habari yako, anatakiwa mtu aliyefunzwa, na mgonjwa ndo anapanga kasi.

Nyumbani basi watu wasimhoji, hilo la kutofukua walishike hapo hapo. Ila kama kazoea kila siku kusindikizwa kwa kuzungushwa ile njia ndefu, na mtaalamu wake kashampangia kupita makutano Jumamosi asubuhi magari yakiwa machache, ndugu apande naye, akae kile kiti cha pembeni, wapite.