Iliad: Kusifu Vita au Kuomboleza Wafu?

Wasomaji wa Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, hawajawahi kukubaliana kuhusu Iliad, utenzi wake wa vita vya Wagiriki dhidi ya mji wa Troy. Wapo wanaoiona Iliad kuwa utenzi wa kutukuza umwagaji damu: mistari zaidi ya 15,000, na sehemu kubwa yake ni mikuki inayopenya vifua na wababe wanaojigamba juu ya maiti. Wengine wanasema hakuna utenzi uliowalilia wafu wa vita kama huo.

Wale wa kwanza wana hoja nzito. Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki, anasimulia kwamba Alexander wa Makedonia alikuwa akilala na nakala ya Iliad chini ya mto wa kichwa, pamoja na jambia lake. Aliyeteka nchi kuanzia Misri hadi India hakuona humo onyo lolote. Aliona shujaa wa kuigwa. Tena, ugomvi wa Achilles, shujaa mkuu wa Wagiriki, na Agamemnon, kiongozi wa jeshi lao, unamhusu Briseis, mwanamke mateka anayegawiwa kama nyara, na hakuna anayemuuliza neno. Anafungua kinywa mara moja tu, katika kitabu cha 19, anapomlilia Patroclus, rafiki wa Achilles aliyeuawa vitani, ndipo tunaposikia kwamba mumewe na kaka zake watatu waliuawa. Thersites naye, askari wa Kigiriki anayethubutu kumsema Agamemnon mbele ya jeshi na kuwataka wenzake warudi kwao, anapigwa fimbo na Odysseus, mmoja wa wakuu wa Wagiriki, huku askari wakicheka. Anayesema huu ni utenzi wa mabwana, mimi simpingi.

Lakini mtazame mwanafalsafa Plato. Alipokuwa akipanga malezi ya walinzi wa dola katika kitabu chake Jamhuri, hakuhofia kwamba Homer angewafanya wapende mno kupigana. Alihofia wangeogopa kufa. Akataka yafutwe maneno ya Achilles katika Odyssey, utenzi mwingine wa Homer, pale mzimu wake unapomwambia Odysseus kuwa heri angekuwa hai, kibarua wa mtu fukara, kuliko kuwatawala wafu wote. Hakutaka pia wasikie jinsi Achilles anavyolia, wala jinsi Priam, mfalme wa Troy, anavyogaagaa kwenye samadi kwa uchungu wa mwanawe Hector, aliyeuawa na Achilles. Kwangu huu ndio ushahidi mkubwa kuliko wote: mtu aliyetaka askari hodari aliona lazima Homer apunguzwe kwanza.

Nami namwelewa, kwa sababu ya vifo vyenyewe. Wasomaji wengi huruka orodha za waliouawa, wakisema zinachosha. Zisirukwe. Katika kitabu cha 4 anaingia kijana wa Troy aitwaye Simoeisios. Mama yake alimzaa kando ya mto Simoeis, alipokuwa akirudi na wazazi wake kutoka kuangalia kondoo, na mtoto akapewa jina la mto huo. Ajax, shujaa wa Kigiriki, anamchoma mkuki kifuani, na mshairi anasema hakuwahi kuwalipa wazazi wake malezi yao. Hatumsikii tena. Ameletwa ili afe, lakini hafi kabla hatujawajua waliomlea, na yeye ni wa upande wa maadui! Utenzi wa kujisifu usingejali mama wa adui alijifungulia wapi.

Hata mwisho wake si ushindi. Farasi wa mbao, ile hila ya Wagiriki ya kuingia mjini, hayumo katika Iliad, wala kuanguka kwa Troy. Priam anakwenda usiku kwenye hema la Achilles, anaibusu mikono iliyowaua wanawe, na wote wawili wanalia. Kisha mzee anaomba muda wa kumzika Hector: siku tisa za kumlilia, ya kumi mazishi, ya kumi na moja kujenga kaburi, na ya kumi na mbili tutapigana, anasema, ikibidi. Achilles anakubali. Watu waliotoka kulia pamoja wanapanga tarehe ya kurudi vitani, na hakuna hata mmoja anayependekeza vita viishe. Ndiyo maana siwezi kwenda na wale wanaoiita Iliad utenzi wa kupinga vita. Inawalilia wafu kwa upendo mkubwa, lakini vyenyewe vita inaviacha viendelee.