Mwenzako Akishika Usukani, Unalala?

Ukitaka kujua kama wewe na dereva mwenzako mnafaana, usiangalie mnavyoongea gari likiwa limesimama. Angalia unavyolala yeye akiwa kwenye usukani. Nimeendesha lori la watu wawili na wenzangu wanne kwa nyakati tofauti. Aliyekuwa na maneno matamu kuliko wote, mtu wa hadithi na vicheko mpaka safari inakuwa fupi, ndiye niliyeachana naye baada ya miezi miwili. Hatukugombana hata siku moja. Tatizo ni kwamba nilikuwa silali.

Kwa ambaye hajawahi kuifanya kazi hii: mnapokezana gari moja, mmoja anaendesha, mwingine yuko kwenye kitanda nyuma ya viti, na gari halisimami ila kwa mafuta, choo na kubadilishana zamu. Wenye malori wanaipenda kwa sababu ya hesabu ya saa. Marekani, kwa mfano, dereva wa mizigo haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 11 kabla hajapumzika saa 10, na akiwa peke yake gari nalo linalala. Wakiwa wawili, mmoja akimaliza saa zake mwingine anaanza, na muda wa kitandani unahesabiwa kuwa mapumziko hata kama gari linakimbia. Ulaya hawakubali hilo. Kule madereva wawili wa gari moja kila mmoja lazima apate angalau saa 9 za mapumziko ndani ya saa 30, tena gari likiwa limeegeshwa. Gari likitembea wanachoweza kuhesabu ni yale mapumziko mafupi ya dakika 45 ya katikati ya zamu, nayo uwe umetulia tu, humsaidii anayeendesha. Hapo mimi nasimama na Ulaya. Kitanda kinachotembea hakijawa kitanda kamili.

Wewe kitafakari hicho kitanda. Kimelazwa kwa upana wa gari, kwa hiyo kwenye kona unateleza, mara kichwa kigonge ukuta, mara miguu. Breki ikikanyagwa kwa nguvu unabiringika kuelekea viti vya mbele. Ndiyo maana kunakuwa na wavu au mkanda wa kumshikilia aliyelala, na Marekani ni sharti la sheria. Najua wengi hawaufungi kwa kuwa unabana. Ndugu yangu, ufunge. Ukiwa umelala huna mikono ya kujizuia.

Halafu kuna masikio. Macho yamefumba lakini masikio yanaendelea kuendesha. Yule mwenzangu wa maneno matamu alikuwa na tabia ya kulisogelea gari la mbele mpaka dakika ya mwisho. Nikiwa kitandani nilikuwa naisikia injini inavuta, inavuta, halafu ghafla mguu unaachia mafuta, kimya kidogo, kisha breki ya upepo, pshii, na mimi tayari nimeshika ukingo wa godoro. Hilo likitokea mara 1 kwa usiku unalisahau. Likitokea kila nusu saa, hupati hata lepe la usingizi, na zamu yako ikifika unakaa kwenye usukani na kichwa kizito kama umebebeshwa gunia.

Kosa langu ni kwamba nilimezea. Mwezi mzima. Niliona haya kumwambia mtu mzima, mwenye leseni kama yangu na miaka mingi barabarani, kwamba uendeshaji wake unanitisha. Siku nilipomwambia alinijibu kwa upole kabisa: "Kaka, mbona hatujawahi kugonga?" Nikajua hatutafika mbali. Mimi namweleza usingizi wangu, yeye ananijibu kuhusu bampa. Mtu anayeendesha peke yake anaweza kupima safari kwa kutogonga. Wa wawili hawezi, kwa sababu nyuma yake kuna mtu ambaye baada ya saa chache atayashika maisha yake, na uzima wa mtu huyo unapikwa sasa hivi na mguu wake wa kulia.

Mwenzangu wa tatu alikuwa kinyume chake. Tunaweza kumaliza nusu siku hatujabadilishana maneno 20. Lakini akiona taa za breki mbali mbele, anaachia mafuta mapema, anaiacha breki ya injini ifanye kazi, na gari linapungua mwendo kama linavyokwama kwenye mchanga. Kabla ya kuondoka kituoni alikuwa anagonga ukuta wa kitanda mara 2, taratibu, nijue gari linaanza kutembea nisije nikashtuka. Hakuna aliyemfundisha. Kwake nililala saa 6 mfululizo, kitu ambacho sikudhani kinawezekana kwenye gari linalotembea.

Kwa hiyo watu wanaposema dereva mwenza mzuri ni rafiki, mimi siafiki. Urafiki ukija, uje. Mambo ya uchafu, simu ya sauti kubwa, muziki, viatu vinavyonuka, yanazungumzika siku ya kwanza na yakaisha, na asiyeweza kukaa na mtu mwingine kwenye chumba cha ukubwa ule hapaswi kuianza kazi hii. Ila mguu wa mtu kwenye breki hauzoeleki kwa mazungumzo.

Jambo la pili linalowafarakanisha watu ni makabidhiano. Utaona gari linasimama, mlango unafunguliwa, aliyelala anatikiswa, na dakika 5 baadaye yeye ndiye anaendesha. Hii ni hatari, naisema kwa uchungu. Mtu aliyekurupushwa kutoka usingizi mzito anaonekana macho, anajibu vizuri, hata anatania, lakini akili yake bado haijarudi yote. Inaweza kuchukua dakika 15 hadi 30, na wakati mwingine zaidi. Mwamshe mapema. Anawe uso, azunguke gari, aguse matairi, naye aelezwe gari lilivyo: tairi gani linatia shaka, mzigo umetulia au unacheza, upepo unapiga kutoka upande gani, wapi kuna matengenezo ya barabara. Anayekabidhi asikimbilie kitanda. Nimeona madereva wakinuniana siku nzima kwa sababu mmoja aliacha taa ya onyo inawaka kwenye dashibodi na hakusema.

Na kuna neno gumu kuliko yote kulitamka ndani ya lori: nimechoka. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 utendaji wake unashuka kama wa mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi zinamkamata dereva. Sisi tunamkemea aliyekunywa, halafu aliyekesha tunamsifu kuwa ni mwanaume. Watafiti wa Virginia Tech, chuo kikuu cha Marekani, nao walifunga kamera kwenye malori, wakakuta madereva wa wawili wawili wanalala vibaya gari likitembea, lakini walioendesha wakiwa wamelewa usingizi kupita kiasi ni wale wa peke yao zaidi. Wa wawili walikuwa wanapokezana kabla mambo hayajafika huko. Faida yote ya kuwa wawili iko hapo, na inapotea siku ile mmoja anapoogopa kuonekana dhaifu mbele ya mwenzake.

Malipo yanachangia woga huo. Mkilipwa kwa kilomita na kugawana nusu kwa nusu, mtu anaanza kuhesabu: leo nimeendesha zaidi, jana umenitupia usiku mzima, wewe unajichukulia zamu za mchana. Mimi na mwenzangu wa sasa tuliamua hakuna kuhesabu kilomita. Yeye ni mtu wa usiku, mimi wa alfajiri mpaka jioni, na zamu hatuzibadilishi ovyo, kwani mwili hauwezi kuhamishiwa saa za usingizi kila wiki kama unavyohamisha mzigo. Waajiri nao wanafanya makosa wanapookota watu wawili wasiojuana na kuwafungia kwenye kabini moja kwa miezi. Wapeni safari moja ya kujaribiana, na atakayesema hapana asiulizwe sana.

Wiki chache zilizopita mwenzangu huyu alipunguza mwendo saa 10 alfajiri, mvua ikinyesha, akaniita. Zamu yake ilikuwa na saa 2 mbele. Akasema, "Kaka, macho yamekataa." Mimi nilikuwa nimelala kidogo sana usiku ule, kwa sababu ya mashimo na ya mvua yenyewe. Nilikaa kiti cha pembeni, nikanywa maji, nikajisikiliza, nikaona nikishika usukani nitakuwa namdanganya. Nikamwambia hata mimi siwezi. Akatafuta maegesho, akazima injini. Kitanda cha chini akaniachia mimi, yeye akapanda cha juu.

Tulichelewa kushusha mzigo, na simu tuliyopigiwa na ofisi haikuwa nzuri. Lakini tulipoamka jua lilikuwa limeshatoka, vioo vimejaa ukungu wa pumzi zetu, na matone yamekauka kwenye boneti. Akachungulia kutoka juu, akaniuliza nimelalaje. Nikamwambia nimelala mpaka nimeota.