Uzamivu wa historia na umri wa wazee wa pamba

Mwalimu wa sekondari hapa Mwanza akitangaza kwamba anataka kusomea uzamivu (PhD) wa historia, ndugu humuuliza mambo mawili: nani atalipa, na ukimaliza utaajiriwa wapi? Wana haki ya kuuliza. Kwenye karatasi masomo ni miaka mitatu, lakini wengi huizidisha. Kuna ada, kuna nauli na malazi ya kukaa Dar es Salaam kusoma nyaraka, na nyumbani watoto nao wanadaiwa ada. Nafasi za uhadhiri ni chache. Anayesema fedha hizo zingetosha kuinua nyumba Buswelu hakosei.

Ninachoona hakipewi uzito katika mazungumzo haya ni umri wa mashahidi, yaani wazee wa pamba ambao bado wanaweza kuisimulia historia hiyo.

Mwaka 1955 Paul Bomani na wenzake waliunda shirikisho la vyama vya wakulima wa pamba, VFCU. Ugomvi ulianzia kwenye mizani: wakulima waliona wanapunjwa na wanunuzi, wakaweka wapimaji wao. TANU ilizuiwa kufungua matawi Jimbo la Ziwa kuanzia 1954 hadi 1958, kwa hiyo siasa nyingi zilipita kwenye pamba. Mwaka 1958 Geita ikachafuka kwa kukataa baraza la rangi mchanganyiko, la Waafrika, Waasia na Wazungu pamoja.

Aliyekuwa na miaka 20 mwaka huo alizaliwa 1938. Sasa anakaribia 90. Mpimaji aliyekuwa na miaka 25 VFCU ilipoanza alizaliwa 1930. Wangapi wa rika lake bado wanaweza kusimulia? Hata karani aliyekuwa na miaka 30 vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976 ni wa 1946. Faili za wakoloni zitaendelea kuwapo Dar es Salaam na London, na atakayezihitaji miaka 30 ijayo atazikuta. Mama aliyejitwika pamba hadi kwenye mizani hatumkuti tena.

Lakini kwa nini uzamivu, wakati mwandishi wa habari anaweza kumhoji mzee kwa siku moja? Kwa sababu mzee hurudiwa. Unamsikiliza kwa Kisukuma, unakwenda kusoma faili ambamo bwana shauri, ofisa wa wilaya wa wakoloni, alimwandika kuwa mchochezi, kisha unarudi kumuuliza upya. Je, kupunjwa kwenye mizani kuliisha ushirika ulipoingia? Mwaka 1966 serikali yenyewe iliunda tume kuchunguza malalamiko dhidi ya vyama, na vilivyovunjwa 1976 sheria ya 1982 ilivirudisha. Mkulima anayegombana leo na AMCOS yake, yaani chama chake cha ushirika cha msingi, anaishi ndani ya swali hilohilo, na uzamili wa miaka miwili haulimalizi.

Mwanahistoria Isaria Kimambo alikusanya masimulizi ya Wapare kwa ajili ya uzamivu wake miaka ya 1960. Wasimulizi wake wametutoka. Walichosema kinasomwa hadi leo. Na sasa mtaala mpya umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Mwalimu wa Magu atakayetaka kuwaeleza wanafunzi habari za babu zao ataitoa wapi, kama hakuna aliyeifanyia kazi?

Pingamizi linaloniuma ni jingine: tasnifu nyingi huandikwa kwa Kiingereza na kubaki kwenye rafu za chuo, huku aliyetoa habari akifa bila kuiona. Hilo ni kweli, na ni dhuluma. Chuo kinachotoa shahada kwa masimulizi ya watu kingepaswa kudai toleo la Kiswahili kabla ya mahafali.

Asiye na ufadhili wala likizo ya masomo yenye mshahara simshauri akope. Usajili unaweza kungoja. Mahojiano ayaanze likizo hii, kwa simu aliyonayo: aombe ruhusa ya mzee, ataje jina, kijiji na tarehe mwanzoni mwa kila rekodi, na nakala moja aiache kwa familia.