Equals usiiandike kwa mkono, kompaila ipo

Mi kwenye kuprogramu kuna kitu nakishikilia sana: kodi yoyote ambayo inaweza kutoka yenyewe kwenye fildi (vipande vya data) za taipu yako, usiiandike, na wala usiiachie edita ikuandikie mara moja halafu basi. Itoke upya kila unapokompaili.

Hili nimelijua kwa kuumia. Tulikuwa na klasi ya Java inaitwa Uzito, fildi moja tu, kiasi, na kila kitu kilikuwa gramu. equals (inayosema kama vitu viwili ni sawa) na hashCode (namba inayoenda nayo) zilitengenezwa na edita, unabofya zinajiandika, safi kabisa. Baadae zikahitajika kilo, nikaongeza fildi ya kizio, nikarekebisha konstrakta, nikaweka geta, hadi toString nikaigusa, testi zote kijani, nikapush. equals sikuigusa. Kwahiyo machoni pa ile klasi gramu 500 na kilo 500 zikawa kitu kimoja, tukiziweka kwenye HashSet, mkusanyiko usioweka kitu kilekile mara mbili, inabaki ya kwanza, ya pili inamezwa kimyakimya, hakuna erori hakuna onyo, ripoti inatoka pungufu na sisi siku mbili nzima tunahangaika na databesi tukidhani yenyewe ndo inapoteza data.

Aliyepitia kodi yangu hakuona na simlaumu, maana nani anasoma equals jamani? Macho yanaruka tu. Watu wanasema shida ya hizi kodi za kujirudia ni kuchosha vidole. Vidole vinapona! Shida ni kwamba ni mistari kibao ambayo hakuna anayeisoma na bado programu nzima imeiegemea. Na ndo maana sikubali mtu akiniambia edita inatosha, au siku hizi AI inatosha, kwasababu ile kodi ikishaandikwa inabaki kwenye faili kama ilivyokuwa siku ile, taipu inaendelea kukua, kodi yenyewe imeganda.

Wenzetu wa lugha ya Haskell walishalimaliza hili tangu miaka ya 90, unaandika deriving (Eq, Ord, Show) chini ya taipu, na kompaila inakutengenezea usawa, mpangilio na maandishi, kazi imeisha. Rust ina derive, na tangu toleo la 1.15 mwaka 2017 hata maktaba za watu wengine zinaweza kukupa derive zao, ndo maana kwa Serde, maktaba ya kubadilisha data, unapata JSON bila kuandika fildi moja moja. Kotlin ina data class, Python ikaleta dataclass kwenye 3.7 mwaka 2018, Java ikachelewa weee, record (klasi fupi zinazojitengenezea equals) zimekuja kuwa rasmi kwenye Java 16, 2021.

Ila sisemi ubandike derive kila mahali kama stika. Kwenye Rust ukiderive Ord, mpangilio unafuata fildi zilivyopangwa kutoka juu kwenda chini, yaani mtu akihamisha fildi moja juu ili faili lipendeze, amebadilisha soti ya programu nzima na kompaila haitasema neno. Record ya Java yenye arei ndani nayo haiangalii vilivyomo, inauliza tu kama ni arei ileile kwenye memori. Na Debug ya Rust, inayogeuza data kuwa maandishi ya kuprint, ndo naiogopa kuliko zote, ukiderive kwenye struct yenye paswedi, siku mtu akiiprint kwenye logi paswedi ipo pale wazi, inasomeka na kila mwenye ruhusa ya kuona logi.

Hapo ndo andika kwa mkono, na andika kwa raha, kwasababu sasa inamaanisha kitu. Kama taipu 40 zimederive na moja tu ina Debug iliyoandikwa na mtu, anayepitia kodi atasimama palepale, ataona paswedi imefunikwa na nyota, ataelewa. Zingekuwa zote 41 za mkono, ile moja muhimu nani angeiona?

Uzito nikaiandika upya hivi:

record Uzito(long kiasi, Kizio kizio) {}

Mstari mmoja. Nilifuta faili zima, nikaweka na testi moja inayosema gramu 500 sio sawa na kilo 500. Juzi kuna mtu kaongeza fildi ya tatu, equals ikaijua hapohapo, mtu mwenyewe wala hakujua kuna kitu cha kukumbuka.