Bega lililoganda: livumiliwe au lichomwe sindano?

Dodoma, mtu mzima akishindwa kuinua mkono aanike nguo, lawama huenda kwa baridi ya Juni, kisha anapelekwa kwa mchuaji. Baridi inasingiziwa. Kinachotokea ni kwamba mfuko mwembamba unaozunguka kiungo cha bega huvimba, ukakakamaa na kusinyaa. Chanzo mara nyingi hakionekani, lakini wanaopatwa zaidi ni wenye miaka 40 hadi 60, hasa wanawake, waliokaa muda mrefu bila kuusogeza mkono baada ya kuumia na, zaidi ya wote, wenye kisukari.

Wanaosema "vumilia, litaachia lenyewe" wana hoja. Ugonjwa huanza na maumivu yanayokatisha usingizi, unafuata ugumu, kisha bega hulegea taratibu. Safari hiyo huchukua mwaka mmoja hadi mitatu, na wengi hupona. Ila mwambie hivyo mkulima wa zabibu wa Hombolo ambaye msimu wa kupogoa unamsubiri! Tena wapo wanaobaki na ugumu kiasi hata baada ya miaka hiyo.

Upande wa pili unataka tiba mapema. Sindano ya steroidi, yaani dawa ya kupunguza uvimbe, ndani ya kiungo hutuliza maumivu kwa wiki kadhaa, na hufaa zaidi mwanzoni. Maumivu yakishaisha ukabaki ugumu mtupu, faida yake ni ndogo. Kwa mwenye kisukari, sukari hupanda kwa siku kadhaa, kwa hiyo apime mara kwa mara. Kuhusu upasuaji, utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2020 ulifuatilia wagonjwa 503: wa mazoezi tiba pamoja na sindano, wa kunyooshwa bega chini ya nusu kaputi, na wa upasuaji wa kamera, unaofanywa kupitia matundu madogo. Baada ya mwaka, hakuna njia iliyoziacha nyingine mbali.

Kwangu mimi hilo linatosha kuanza na sindano na mazoezi mepesi ya kila siku, upasuaji ukabaki kwa bega lililogoma kabisa. Kuvutwa mkono kwa nguvu hadi mtu alie, kama wafanyavyo baadhi ya wachuaji, siungi mkono hata kidogo, hasa katika hatua ya maumivu.

Na kabla ya yote hayo, pima sukari. Wapo wanaogundua kisukari chao kupitia bega. Piga pia eksirei, maana mkono usioinuka unaweza kuwa na mvunjiko au kiungo kilicholika, na hapo mazungumzo ni mengine kabisa.