Kabla ya Kufukia Mtaro, Mwambieni Mwenye Shamba

Siku ya mwisho ya uchimbaji wetu wa mabaki ya kale, shosho mwenye shamba alikuja hadi ukingoni mwa mtaro, akasimama nje ya kamba, akauliza: "Sasa huku kwangu mmepata nini?" Kiongozi wetu akamjibu kwa adabu kwamba matokeo yatachapishwa kwenye ripoti. Shosho akasema haya, akarudi kwa ng'ombe wake. Jioni hiyo tukafukia mtaro, na mpaka leo hasira haijaniisha.

Ripoti gani? Itatoka lini, na shosho ataisomea wapi?

Mliowahi kufanya kibarua hiki huku kwetu, kuanzia Njoro mpaka Elmenteita, mnajua siku ya mtaro inavyokwenda. Asubuhi turubai linatolewa likiwa bado limelowa umande. Vigingi vinakaguliwa, uzi unavutwa ukaze, halafu kila mtu anapiga magoti kwenye mraba wake na mwiko mkononi. Jembe na sururu hukaa kando. Udongo unakwanguliwa sentimita tano tano, kumi kumi, na kila ndoo inayojaa inapelekwa kwenye chekeche. Ukikuta kigae cha chungu hukichomoi. Unakisafisha kwa brashi pale pale kilipolala, kinapimwa, kinachorwa kwenye karatasi ya grafu, kinapigwa picha watu wakiwa wameshika turubai juu ili kivuli kiwe kimoja. Ndipo kinaingia mfukoni na karatasi yake: mraba upi, tabaka lipi, kina gani, tarehe gani.

Chekeche ndiko kwenye kazi. Chai ya saa nne inakukuta vumbi limeshajaa masikioni, na bado macho hayaruhusiwi kuchoka, kwa sababu vitu vidogo vyote hupatikania hapo: ushanga, jino la mbuzi, punje iliyoungua, vibanzi vya obsidiani, lile jiwe la volkano lililo kama kioo, vyeusi vinavyong'aa na bado vinakata kidole baada ya maelfu ya miaka.

Taratibu yote hiyo ina sababu moja: kuchimba ni kuharibu. Tabaka likishaondolewa halirudishiki. Udongo tunaoufukia jioni ya mwisho ni udongo uliochanganyika, hauna tena mpangilio wowote wa kusoma. Yaliyokuwa ardhini yamehamia kwenye daftari, mifuko na picha, na vyote hivyo vinapakiwa kwenye gari. Ndiyo maana nasema shosho anadaiwa maelezo. Shamba lake lilikuwa na kumbukumbu ya watu waliokaa pale kabla yake. Sasa halina. Nakala iliyobaki iko mikononi mwa wengine, naye hajaambiwa hata ukurasa mmoja.

Na jambo hili si la jana. Pale Hyrax Hill, kilima chenye makazi ya kale hapa hapa Nakuru, mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na 1938. Ripoti yake ilitoka mwaka 1945, kwenye jarida la kisayansi la Afrika Kusini. Pango la Mto Njoro, ambamo watu waliwachoma wafu wao na kuwazika pamoja na shanga na mabakuli ya mawe miaka kama 3,000 iliyopita, lilichimbwa mwaka 1938. Kitabu chake kikaja mwaka 1950. Vita vya dunia vilikuwa katikati, hilo nalikubali. Lakini leo hakuna vita, na bado jibu ni lile lile la subirini ripoti.

Nakubali pia, kwa shingo upande, kwamba baadhi ya majibu hayapatikani shambani. Mkaa lazima uende maabara ndipo umri wake ujulikane, na mifupa lazima ipitie kwa wataalamu. Hakuna anayemtaka kiongozi wa uchimbaji atangaze umri wa kitu kwa kukisia. Ila yapo mengi ambayo sote tuliokuwa mtaroni tulikuwa tunayaona kwa macho siku ile, na shosho angeonyeshwa kwa kidole.

Angeonyeshwa ukuta wa mtaro, ule tunaounyoosha kwa mwiko na timazi mpaka uwe wima. Juu kabisa udongo wake wa kulima, mweusi, wenye mizizi ya mahindi na vipande vya karatasi ya nailoni. Chini yake tabaka la kijivu, laini kama unga, lenye vigae na mifupa ya mifugo. Chini zaidi vibanzi vya obsidiani. Angeambiwa kwamba wafugaji wa kale wa huku walichukua sehemu kubwa ya jiwe hilo kwenye mlima Eburru, ambao ukiwa Elmenteita unauona, na kwamba obsidiani ya bonde hili ilisafiri mpaka upande wa Ziwa Victoria. Nusu saa ingetosha.

Tena naye angetueleza. Siku moja wakati wa chai alikuwa ameniambia kwamba kona ile tuliyochimba ndiyo mahindi yake hustawi kuliko kwingine kote, hata mwaka ambao hakutia mbolea. Nililisema hilo mtaroni, likapita. Sasa sikilizeni. Mwaka 2018 watafiti walichapisha kazi kuhusu maboma ya wafugaji wa kale huko Narok, ya kati ya miaka 1,550 na 3,700 iliyopita, wakaonyesha kwamba samadi ya mazizi yale bado imerutubisha ardhi mpaka leo. Majani humea vizuri zaidi pale, na wanyama hupapenda. Sisemi shamba la shosho ni hivyo hivyo, maana udongo wake haujapimwa. Nasema mwanamke aliyelima kona ile maisha yake yote alikuwa na habari ya kweli ya kisayansi, na hakuna aliyefungua daftari aiandike.

Hata pale Hyrax Hill, mashimo ya Sirikwa, wafugaji wa zamani wa huku, watafiti wa mwanzo waliyachukulia kuwa makao ya watu. Ni uchimbaji wa baadaye, ukiwemo wa John Sutton miaka ya 1980, uliothibitisha kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe, na nyumba zilikuwa pembeni. Naamini mfugaji akiitwa mapema angeuliza maswali ambayo msomi hayawazi. Hata Nyayanga kule Homa Bay, palipopatikana zana za mawe na mifupa ya viboko waliochinjwa, habari iliyotangazwa duniani kote Februari 2023, watafiti walielekezwa huko na mwenyeji.

 

Wapo watakaosema ukiwaambia wanakijiji kilichopatikana, usiku watakuja na sururu. Hofu hiyo ina msingi, nimeona mashimo ya watu wanaotafuta dhahabu. Lakini uvumi wa dhahabu hukua pale ambapo watu hawajaambiwa lolote. Wanaona wageni wamechimba kwa majuma, wamefunga vitu kwa uangalifu na kuondoka navyo. Wafikirie nini? Mwonyeshe mtu kigae na jino la mbuzi, mweleze thamani yake ni kule kilikolala, na kwamba kikishang'olewa hakimfaidi yeyote.

Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inataka anayechimba awe na kibali. Kwenye masharti ya kibali hicho liongezwe moja: kabla mtaro haujafukiwa, mwenye shamba na majirani waitwe, waelezwe kwa Kiswahili au kwa lugha yao, waulize mpaka watosheke. Kisha ukurasa mmoja wenye mchoro wa ule ukuta ubaki kwa mwenye shamba, mwingine kwa chifu, mwingine kwenye shule ya karibu. Gharama yake ni karatasi na saa chache.

Msimu ujao nikiitwa tena, kabla ya kuzungumzia malipo nitauliza siku ya mwenye shamba ni lini na nani atamweleza. Kama hakuna aliyepangwa, nitaomba nipangwe mimi.