Oba ana taji, breki wanazo wazee

Mwezi wa tisa 2025 nilikaa mpaka usiku naangalia klipu za kutawazwa kwa Rashidi Ladoja kuwa Olubadan, yaani mfalme wa mji wa Ibadan huko Nigeria, ngoma juu, agbada, yale majoho mapana, zimepigwa pasi mpaka zinasimama zenyewe, alafu chini kwenye maoni watu wanaandika kwa Kiswahili safi kabisa ati huyu si alikuwa gavana wa jimbo la Oyo, basi ameshanunua na ufalme. Nikacheka, ila pia ikaniuma kidogo. Hakununua bana. Alikuwa kwenye foleni tangu miaka ya tisini, kabla hata hajawa gavana, na foleni hiyo nitaifikia maana ndo kitu kilichonifanya niandike.

Tatizo letu tukiona wafalme wa Wayoruba, hao wanaoitwa Oba, tunaona shanga na mwavuli tu. Tunasikia wanamsalimia "Kabiyesi", tunaambiwa maana yake hakuna wa kukuhoji, tunaamini. Kumbe kwenye Oyo ya zamani, ile iliyokuwa dola kubwa yenye askari wa farasi, wa kumhoji walikuwepo na walikuwa wazee saba wenye vyeo hivi: Bashorun, Agbaakin, Samu, Alapini, Laguna, Akiniku na Ashipa. Hao ndo Oyo Mesi, baraza la wazee, na Bashorun ndo mkuu wao. Alaafin, yaani mfalme wa Oyo, akifa wao ndo wanachagua mwingine, na Alaafin akiharibu wao ndo wanamwondoa, na kuondoa kwenyewe hakukuwa kwa barua. Analetewa kibuyu kitupu, au mayai ya kasuku. Hakuna anayepiga kelele, hakuna anayemshika mkono, anafunua anaangalia ndani anaelewa, na Bashorun anamtamkia kwamba miungu imekukataa, watu wamekukataa, ardhi imekukataa. Kinachobaki ni ajiue mwenyewe. Hebu jaribu kufikiria unatawala huku unajua jambo kama hilo lipo, lazima mkono uwe mwepesi kwenye kodi za watu.

Sasa kuna wenzangu wakifika hapa wanaanza kuimba, ooh Afrika tulikuwa na demokrasia yetu kabla ya wazungu. Taratibu. Soma habari za Bashorun Gaha kwanza. Huyu mzee kuanzia kama 1754 aliishika Oyo kwa miaka ishirini, Alaafin mmoja baada ya mwingine anapanda anashuka kaburini, watoto wake wamesambazwa mikoani wanakula ushuru, wafalme ni sanamu tu. Breki ndo ikawa dereva. Mpaka Alaafin Abiodun akajifanya mpole, akaelewana kisirisiri na Oyabi, mkuu wa jeshi aliyekaa mbali na mji, na 1774 wakammaliza Gaha na ukoo wake. Wayoruba mpaka leo wana msemo, kama una moyo wa kufanya uovu fanya, ila kumbuka Gaha alivyokufa.

Ndo maana mimi kinachonivutia sio baraza lenyewe, ni kwamba na baraza nalo lilikuwa na mtu wa kuliangalia. Kulikuwa na Ogboni, wazee wa ardhi, wenye zile sanamu ndogo za shaba za mwanaume na mwanamke zimeungwa na mnyororo kichwani, zinaitwa edan. Wana kauli yao kwamba Ogboni wawili ni watatu, yaani mkikaa wawili mkakubaliana, wa tatu ni Ardhi, anasikia. Oyo Mesi walikuwa wanaingia humo lakini sio wao wakubwa humo, na macho na masikio ya Alaafin kwenye kikao hicho alikuwa mwanamke. Kila mtu ana wa kumtazama. Kwenye kesi ya Gaha haikufua dafu, sawa, lakini mashine ilikuwepo.

Mashine hiyo ilianza kulegea wakati wa Waingereza, walitaka mtu mmoja wa kuongea naye, wakampandisha Alaafin hadi Ibadan nayo ikawa chini yake mpaka 1934, na wazee wa baraza wakabaki kama wapambe. Alafu ikaja sheria ya machifu ya 1957 ya Jimbo la Magharibi, ikaandika nani anachagua na serikali inaidhinisha vipi, na kuanzia hapo sahihi ya serikali ndo ikawa neno la mwisho. Matokeo yake tumeyaona juzi tu. Alaafin Lamidi Adeyemi III alifariki Aprili 2022 baada ya miaka zaidi ya hamsini kwenye kiti, Oyo Mesi wakachagua mtu wao, serikali ya jimbo ikasema mchakato una dosari, mahakamani huku na huku, kiti kitupu karibu miaka mitatu, mpaka Januari 2025 gavana Seyi Makinde akamtangaza Akeem Owoade, na memba kadhaa wa Oyo Mesi wakapinga hadharani. Mimi sijui nani alikuwa na haki na sitajifanya najua. Ninachoona ni kwamba mfalme wa leo akitaka kulala usingizi anamwangalia gavana, hawaangalii wale saba.

Ibadan ndo tofauti. Ule mji ulianza kama kambi ya vita kama 1829, hauna ukoo wa kifalme kabisa. Unaanza kuwa mogaji, mkuu wa ukoo wako, unapewa cheo cha Jagun, alafu unapanda ngazi moja moja, zaidi ya ishirini, kila mtu aliye juu yako akifa unasogea. Njia ni mbili, ya Otun ambayo ni ya kiraia na ya Balogun ambayo ni ya kijeshi, na kiti kinapokezana, leo huku kesho kule. Anayefuata anajulikana hata na muuza amala, ule ugali wao, wa stendi. Kwa hiyo gavana hana cha kuchagua, na mwenye hela hana wa kumhonga, labda amhonge Mungu. 2017 gavana wa wakati huo alijaribu kuichezea, akawavisha mataji wazee 21 kwa mpigo, Ladoja akakataa akaenda mahakamani, ikawa miaka ya kesi, na mwisho 2024 naye alivaa taji hilo, kabla hajawa Olubadan.

Kasoro yake ni wazi, unapata wafalme wazee mno. Olubadan Olakulehin alivishwa taji tarehe 12 Julai 2024, akafariki tarehe 7 Julai 2025 akiwa na miaka 90, siku tano kabla ya kutimiza mwaka. Watu wanacheka hiyo ila mimi naona afadhali mzee wa foleni kuliko kijana wa gavana.

Kinachonikera Ibadan ni kingine. Iyalode, mkuu wa wanawake, yupo kwenye baraza, anakaa na wazee, anachangia, na wanawake wana ngazi zao kamili za vyeo. Hapo zamani Iyalode Efunsetan Aniwura alikuwa tajiri mwenye silaha na mashamba, akagombana na mtawala wa mji, 1874 akavuliwa cheo na kuuawa. Zile ngazi za wanawake zinapanda zinapanda, zinaishia kwa Iyalode. Haziendi kwenye kiti.